Sentensi ya Nyumba Yetu

Mapera,
Agosti, 1995.

Mwanangu Othmar,

Marahaba. Naitikia ingawa hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako nitaitikia nikiwa nimelala kando ya baba yako. Songea siyo Ulaya. Magari ya wanunuzi wa kahawa yanatoka huko alfajiri, na kabla jua halijakaa sawa yameshafika kwetu, yamejaa vijana wasiojua kahawa mbivu na mbichi, na wote hao njia wameiona. Wewe uliyezaliwa kwenye ncha ya njia hiyo ndiwe inayokupotea. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa. Na siku ile yenyewe ulikuja na gari la kukodi, likakungoja kule juu likinguruma, ukaondoka matanga hayajaanuliwa. Watu waliniuliza kama umeitwa kazini, nikasema ndiyo, ameitwa. Sikujua nani amekuita.

Basi, Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Mkeo hajambo, na wale wadogo zake mwanao Edina ambao nawajua kwa picha tu? Kifua chako cha utotoni kimetulia, au vumbi la chaki linakichokoza bado? Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto linalalamika nikiteremka mtoni, nikipanda halisemi kitu, sijui limejifunza kwa nani ujeuri huo. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kaburi la baba yako nimelipalilia, na msalaba ulioinama Edina ameusimamisha kwa mawe.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtuma mtu. Unakumbuka nilivyojifunza. Dawati sijalikalia maisha yangu. Nilianzia kwenye kisomo cha watu wazima pale kanisani, na wewe ukiwa mdogo wa shule ya msingi ukawa unanishika mkono nyumbani, ukinicheka kwamba herufi zangu zinalala kama walevi wa sikukuu. Zinalala mpaka leo. Naandika kidogo kidogo, Edina akiwa anachuma kahawa, kwa sababu ndani ya barua hii kuna jambo ambalo sitaki yeye alishikie kalamu wala alisome. Utalifikia. Usiruke mbele, nakujua.

Kahawa mwaka huu imebeba, lakini usifurahi. Karani wa chama cha ushirika amekaa kwenye ghala na mizani yake, hana cha kununulia, anasinzia. Hawa wa soko huria wanasimamisha pikapu barabarani na kupima kwa mizani yao, na ukiuliza mbona mshale umesimama kabla gunia halijatulia, wanakuambia mama, kama hutaki rudi nayo. Nirudi nayo wapi? Niikaange nile? Baba yako angekuwepo angewatukana kwa Kimatengo mpaka waombe maji ya kunywa.

Nakukumbusha kahawa kwa sababu ndiyo iliyojenga ile shule ya bondeni. Chama kilikata kidogo kwenye kila gunia, na sisi akina mama tulibeba matofali kichwani kutoka mtoni, wewe ukiwa umeshika nguo yangu nyuma unalia njaa. Ulipomaliza chuo ukarudi kufundisha Kiingereza pale pale, nilitembea kifua mbele mpaka Padre akanitania kwamba nitaanguka chali. Halafu ikaja hii ruksa ya kila kitu, watu binafsi wakafungua shule zao mjini, ukaniambia kwamba huko wanajua thamani ya mwalimu. Sikukuzuia, mtu ana tumbo lake. Ulisema utakuja kila likizo. Ulisema Edina utamchukua ukishapata nyumba yenye nafasi. Mtoto huyu nimekaa naye tangu marehemu mama yake atuache. Sasa yuko kidato cha nne, amekupita kwa urefu, na hiyo nyumba yenye nafasi sijui bado inatafutwa na nani.

Kuna swali hukuwahi kuniuliza. Ulipoondoka, chaki yako aliishika nani?

Hakuna. Kipindi cha Kiingereza kikifika, mkuu wa shule anamtuma mwanafunzi aandike maswali ya mitihani ya zamani ubaoni, wenzake wanayanakili, kengele inalia, wanatoka. Mwalimu Asnath, yule Mpare aliyeletwa na serikali kufundisha Bayolojia, akipata nafasi huwa anaingia kuwasaidia, lakini mwenyewe anasema Kiingereza chake ni cha kutajia vyura na mizizi. Hivyo ndivyo alivyosoma mwanao, na baba yake yuko Songea anauza Kiingereza, asubuhi darasani, jioni tuisheni.

Mwanzoni mwa mwaka Edina alirudi amenuna. Nilimbana mpaka akasema. Walikuwa wamefikia kitu kinachoitwa vishazi tegemezi. Alinieleza kwamba kwenye sentensi ya Kiingereza kuna kipande kinachosimama chenyewe, na kuna kipande ambacho hata kiwe kirefu namna gani hakisimami mpaka kiegemee kingine, na mtihani unataka uvitambue, uvitenganishe, uviunganishe na utunge vya kwako. Wao walikuwa wanavipapasa kama watu wanaotafuta kuku gizani. Nikamwambia mimi na Kiingereza hatujawahi kuamkiana, akatafute kile kitabu chako cha jalada la bluu ulichokiacha darini. Tukakifungua pamoja. Sura ya vishazi haipo. Marehemu baba yako aliivuta. Karatasi zake zilikuwa nyembamba na laini, akizisifu sana kwa kusokotea tumbaku, na mjanja yule alianzia katikati ya kitabu ili siku ukirudi usigundue upesi. Tulicheka mpaka Edina akasahau kununa. Baadaye akakumbuka, akanuna upya, maana mtihani haujui kwamba babu yake alikuwa mvutaji.

Sasa unamkumbuka Pankras, mtoto wa Bonifasia wa hapo chini? Ulimwacha anachunga mbuzi, kamasi mpaka kidevuni. Amekuwa kijana, yuko darasa moja na Edina. Huyo alikwenda parokiani kwa Sista mmoja mwenye kitabu cha sarufi. Sista alikataa kukiazimisha, akamruhusu asome pale pale barazani. Akawa anakwenda kila akimaliza kumchotea mama yake maji, mpaka Sista akamzoea kama kiti. Akarudi na ile sura yote kichwani. Shida ikawa kuwafundisha wenzake. Alimlalamikia Edina kwamba akiwaeleza wanaitikia ndiyo, na akiwauliza wanaangalia dari.

Ikafika Machi, wakati wa kuandaa mashamba ya maharage. Nitakueleza kama ninavyomweleza mgeni, kwa kuwa mgeni ndivyo ulivyo. Ngolo hailimwi na mtu mmoja. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Wanawake wanakuja nyuma, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, mashimo yanabaki ya kushika maji. Kazi hiyo tunaifanya kwa ngokela: leo tuko kwangu, kesho tuko kwako, mwenye shamba anapika na kutoa cha kunywa. Mwaka huu wanafunzi wa kidato cha nne waliunda ngokela yao wenyewe. Walikubaliana kulima kwa kila mmoja wao, Jumamosi hii huku, nyingine kule, na badala ya pombe wapewe togwa.

Walianzia kwa Bonifasia. Pankras yuko mbele na wavulana wanalaza nyasi, Edina na wasichana wako nyuma na majembe. Katikati ya kazi Pankras akasimama, akawaambia wenzake kwamba wavulana watasema kipande kinachoegemea, na wasichana watamalizia kinachosimama, wakifuatana hivyo hivyo kama wanavyofuatana shambani. Anayekosa atabeba maji. Walianza kwa mzaha. Flavia wa kwa katekista alimwambia Pankras kwamba jua limempiga. Lakini baada ya muda mzaha uliisha, ikabaki kazi. Juu wanaanzisha, chini wanamalizia, majembe yanashuka kwa pamoja. Sisi wazee tuliacha shughuli zetu tukasimama kutazama. Bonifasia akaninong'oneza kama nina hakika togwa yake haikuchacha.

Wakajiwekea na utaratibu. Kila nyumba inayolimiwa itoe togwa na itoe sentensi. Sentensi aitunge mtoto wa pale, kwa mambo ya pale. Wote wataisema mpaka shamba liishe, na Jumamosi inayofuata wataanza kwa kuzirudia zile za nyumba zilizopita, kwa mfuatano wake, ndipo waingize mpya. Edina alikuwa ananipa maana zake. Ya kwa Bonifasia ilisema: ingawa mvua inanyesha, mama hajaacha kuchimba. Ya jirani yetu wa ng'ambo: mnunuzi aliyekuja na mizani yake hakutaka tuitazame. Ya kwa katekista ilinifurahisha kuliko zote: baba alipokuwa anahubiri uvumilivu, nguruwe wetu walikuwa wanamaliza mahindi ya jirani. Katekista hajui mpaka leo, na wewe usimwandikie.

Kwangu walifika Jumamosi ya mwisho. Edina ndiye aliyetunga. Wavulana wanaanza: ingawa baba haji. Wasichana wanamalizia: bibi anamwekea sahani kila Jumapili. Alinipa maana yake huku anaangalia pembeni. Nikamwambia ni nzuri. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukagua kuni, na kuni hazikuwa na tatizo lolote.

Ni kweli naweka, Othmar. Ulikuwa hujui? Kwenye sengu ya babu yako wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakaongea mambo yao pamoja, na aliyesafiri chakula chake kilitengwa. Sengu imekufa, sasa kila mtu anakula kwake amefunga mlango. Mimi natenga. Nafunika kwa sahani nyingine, na Jumatatu asubuhi Pankras alikuwa akipita kumwita Edina waende shule, ananawa, anakula. Kwa hiyo usione haya, hakuna kilichoharibika. Mtoto wa Bonifasia amekula chakula chako muda wote huu na kimemnenepesha.

Mwezi wa sita wakafanya mtihani wa majaribio pamoja na shule nyingine kadhaa. Karatasi zao hazikuwa na majina, namba tu, tena zikachanganywa na kupelekwa mjini kusahihishwa na walimu wa kukodi, ili mtu asimpendelee wa kwake. Swali moja la Kiingereza liliwataka watunge sentensi zao zenye vishazi tegemezi. Edina alirudi siku hiyo anarukaruka kama mwanambuzi. Alisema walipolisoma swali lile darasa zima lilishusha pumzi kwa mara moja, mpaka msimamizi akagonga meza. Wote waliandika sentensi za nyumba zetu. Walianzia kwa Bonifasia wakaishia kwangu, kwa mfuatano ule ule waliolima. Hakuna aliyemchungulia mwenzake. Angechungulia nini, na kila mmoja malengelenge yake yako mkononi?

Majibu yakarudi mwezi uliopita. Mkuu wa shule akatuita wazazi, nikaenda na Bonifasia tumevaa vitenge vya kanisani, tukidhani tunaitwa kupongezwa. Akasimama akatuambia kwamba mtihani wa Kiingereza wa watoto wetu umefutwa, wote, kwa udanganyifu. Msahihishaji ameandika kwamba majibu yanafanana neno kwa neno na mfuatano kwa mfuatano, na kwamba ni dhahiri walipewa majibu kabla. Nikainua mkono. Nikamuuliza, darasa zima likisali Baba Yetu neno kwa neno, nani kamwibia nani? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinijibu kwa upole tu kwamba bibi, huu ni mtihani, siyo sala.

Siyo mtu mbaya, ana woga. Shule yetu imeshaandikwa vibaya huko juu, na anaogopa ikifungwa ataulizwa yeye. Mwalimu Asnath alimweleza habari ya ngokela, hata sisi tulimweleza. Alisema anatuamini, lakini kuamini kwake hakufuti wino. Doa hili, alisema, anayeweza kulitoa ni msahihishaji mwenyewe, akitamka kwamba alikosea, na wasahihishaji hawajulikani. Vinginevyo kila mtoto atie saini karatasi ya kukiri na kuomba msamaha, ndipo jina lake lipelekwe kwenye mtihani wa mwisho. Asiyetia saini jina lake haliendi. Na akaongeza kwamba anamtafuta kiongozi wao.

Hapo ndipo watoto wetu walipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa mjini asingelifanya. Alipoingia darasani akauliza nani aliyewafundisha kufanya vile, wote walinyoosha vidole kwa Pankras. Walifurahi kunyoosha. Walidhani hatimaye kuna mtu anataka kumsifu. Flavia alisimama kabisa, akaeleza na habari ya Sista na baraza. Pankras mwenyewe aliinamisha kichwa akitabasamu. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Bonifasia hana mume wa kumsemea. Alimpeleka kwa mjomba wake ziwani, Mbaha, akasaidie uvuvi, maana hapa kijana alikuwa anakaa ndani na kutoka kwa kujificha kama mwizi kweli. Wiki iliyopita niliteremka na Bonifasia huko kubadilisha maharage kwa dagaa, goti hili na mteremko ule, usiniulize. Nilimkuta Pankras mchangani anageuza dagaa juani. Amekuwa mweusi, na tayari anatania kwa Kinyasa na wenzake. Nilifurahi kidogo, nikajisemea kijana amepoa. Aliniamkia, akanipakulia wali na samaki, akaninawisha mikono kama ninavyomnawisha yeye. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka mwanzo wa mlima, akaniuliza:

"Bibi, ile sentensi ya kwenu, ile ya mwisho, tulikosea wapi?"

Sikuelewa. Akasema amezirudia zote kichwani, ya mama yake, ya mizani, ya nguruwe, na haoni kosa, kwa hiyo lazima kosa liko kwenye ile ya mwisho ambayo hawakuifanyia mazoezi ya kutosha. Mtoto huyu, Othmar, anaambiwa ni mwizi na yeye anadhani amekosea sarufi. Kwake jambo la kwanza halimwingii akilini hata kidogo. Nilimwambia nitauliza.

Na Edina hajatia saini. Wengine wametia, wazazi wao waliwasimamia na fimbo, siwalaumu. Nilimwambia atie, wino tu huo, Mungu anajua. Alinijibu hivi:

"Nikitia saini, bibi, sentensi yetu inakuwa siyo yetu."

Tangu siku hiyo hasemi Kiingereza. Alikuwa akichuma kahawa anajisemesha mwenyewe, sasa anachuma kimya, na daftari zake amezifunga kwa kamba ya katani akazipandisha darini, karibu na kitabu chako kilichovutwa. Majina yanapelekwa mwisho wa mwezi ujao. Ikipita siku hiyo, amebaki hapa na mimi na kahawa isiyo na mnunuzi wa haki. Ninapenda kukaa naye, lakini sikumlea ili abaki kwa kusingiziwa.

Sasa nafika pale nilipokukataza kurukia. Kaa chini kama umesimama.

Jumapili iliyopita Mwalimu Asnath alinijia baada ya misa. Yeye ni Mlutheri, alinisubiri nje ya kanisa amefunga sukari kwenye karatasi, nikajua ameniletea neno zito. Tulikaa kwenye ngazi za zahanati. Alisema mwezi ule wa kusahihisha na yeye alichukuliwa kwenda Songea kwa ajili ya Bayolojia, chumba cha pili kutoka cha Kiingereza. Siku moja saa ya chai mwalimu mmoja wa Kiingereza alitoka na rundo la karatasi, akawasomea wenzake kwa kuwachekesha. Alisoma ya mvua. Alisoma ya mizani. Akasoma ya sahani. Asnath alizitambua, kwa sababu alikuwa akipita njia ya juu Jumamosi akazisikia mteremkoni. Yule mwalimu alisema sentensi zenyewe hazina kosa, na hilo ndilo linalomwonyesha kwamba wamepewa, maana mtoto wa kijijini hatungi hivyo. Mtu mmoja akamuuliza hao ni wa wapi. Akacheka, akasema:

"Hawa ni wa kwetu milimani. Hata kuiba wanaiba kwa ngokela."

Chumba kizima kikacheka. Na wenzake walimwita kwa jina lake, Othmar.

Asnath alinyamaza siku ile kwa sababu wote walikuwa wameapa kutotaja karatasi za shule yoyote, na yeye ni mgeni katika mkoa huu, akifukuzwa hana pa kulala. Aliponieleza alikuwa analia. Nilimfuta machozi kwa kitenge changu nikamwambia hana kosa. Mimi sikulia. Nilienda nyumbani nikachuma kahawa mpaka kikapu kikajaa, na nilipomwaga nikakuta nimechuma na mbichi.

Kwamba hukujua ni shule yako, naamini. Namba haina uso. Lakini ngolo uliijua; mama anayechimba mvuani ndiye aliyekuonyesha kwamba ni wa milimani. Ngokela uliijua, umeitaja kwa mdomo wako. Ulijua kuna watu duniani wanaofanya jambo moja kwa mikono mingi bila yeyote kumwibia mwenzake, kwa sababu watu hao walikubebea matofali. Ulijua, na ukaona ni kitu cha kuchekea chai. Halafu ile ya sahani. Uliisoma kwenye karatasi ya kwanza, ukaisoma kwenye ya pili, ukaisoma kwenye ya kila mtoto wa darasa zima: baba haji, bibi anamwekea sahani. Uliipiga mstari mwekundu kila ulipoikuta, na hata mara moja mkono haukusita. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Mtu akisahau njia, utamwelekeza. Wewe uliitwa kwa sauti ya watoto wote wa huku, ukasahihisha.

Edina hajui kwamba ni wewe, wala Bonifasia, wala Pankras, na sitawaambia. Asnath ameniahidi kufunga mdomo. Jambo hili utalisema wewe, kwa mdomo wako, kuanzia kwa mkuu wa shule, halafu kwa hao walimu uliowachekesha. Najua litakuumiza. Watu wanakulipa kwa sababu wanaamini hukosei, na hutapenda wakusikie unasema ulikosea. Pole. Mimi nakupenda hata ukiwa huna kazi. Nilikupenda ukiwa huna meno.

Jumapili hii sikuweka sahani. Mkono ulienda kabatini wenyewe, nikaurudisha.

Nimechoka kuandika, vidole vimekakamaa na kuku wanaparua kahawa yangu mkekani. Nisalimie mkeo, umwambie namshukuru kwa kile kitenge alichotuma Krismasi, ndicho nilichokivaa siku ya mkutano. Wabusu watoto. Bonifasia angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha nimempa jina lako, usimdharau, ni yule mwenye kelele. Mungu akulinde, na akusumbue.

Ukija, na uje kabla ya majina kupelekwa, usije kwangu moja kwa moja. Ukifika Kitai shuka, panda gari la Lituhi, kisha ufuate ziwa mpaka Mbaha. Muulize yeyote anayeanika dagaa, atakuonyesha Pankras. Keti naye hapo mchangani, amekuwa akitaka mwalimu siku nyingi. Mwonyeshe walipokosea kwenye ile sentensi ya mwisho. Ukipatafuta usipaone, mwambie hujapaona, na umwambie kwa nini. Halafu mpande mlima wote wawili. Nitaweka sahani mbili, na moja ikikosa mtu, ya pili siifunui.

Mimi mama yako,
Walburga.